Mwalimu Aliyeinua Mkia wa Kondoo

Mwalimu hana haja na kiumbe aliye peke yake. Mwonyeshe ndege mzuri namna gani, ametulia kwenye tawi anaimba, Mwalimu atamtazama mara moja kisha atakuuliza, "Yuko na nani?" Ukimwambia yuko peke yake, atakunja uso kama mtu aliyepewa chai bila sukari, aendelee na safari yake. Anachotaka ni wawili. Ndege na kiwavi mdomoni. Nyuki na ua. Kupe na sikio la ng'ombe. Hapo ndipo atapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya kanisani, atoe simu, azuie pumzi, na sisi wengine tunaopita na mizigo tusubiri mpaka amalize.

Picha hizo anazipeleka kwenye mtandao fulani ambako watu wa kila nchi hupakia picha za wadudu, ndege na mimea, wenye elimu na wasio nayo, wakisaidiana kuvitambua. Wengine huko wanaridhika kusema wameona kipepeo. Mwalimu haridhiki. Ni lazima aandike kipepeo huyo alikuwa anafyonza ua gani, au alikuwa analiwa na nani.

"Mimi sirekodi mnyama," aliwahi kuniambia, kidole juu kama zamani darasani. "Mnyama hata mtoto anaweza kurekodi. Mimi narekodi interaction. Nani anafanya nini na nani."

Alisema hivyo akiwa amesimama juu ya maharagwe yangu.

Nimekuwa jirani yake hapa Kianjai tangu nilipoolewa, na kabla ya hapo alinifundisha baiolojia shule ya upili, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Hakuwahi kujua majina yetu. Miaka yote ile mimi nilikuwa "wewe wa dirishani." Aliyekaa nyuma yangu alikuwa "wewe wa kukohoa," hata baada ya kifua chake kupona. Lakini majina ya Kilatini ya minyoo aliyatamka taratibu, kwa upole, vile mtu anavyotaja wajukuu wake. Nilipoletwa huku bibi arusi nikamkuta ng'ambo ya ua wa miti unaotenganisha maboma yetu, alinikazia macho, akafikiri, akasema, "Dirishani." Nilipozaa nikawa Mama Mwenda, na jina hilo amelishika kwa sababu mke wake alimlazimisha.

Mke wake, Mama Kendi, ndiye mtu katika boma lile. Ana shamba ambalo ukidondosha mbegu bila kukusudia inaota, na bado ananunua sukuma wiki sokoni. Sukuma zake mwenyewe zimejaa vidukari. Mwalimu amekataza zisipigwe dawa, maana vidukari vinaliwa na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, na hao wekundu nao kuna anayewawinda, na huyo bado hajampata kwenye picha. "Ngoja kidogo," humwambia mkewe. Amengoja. Nimemwona mama wa watu akirudi na furushi la sukuma za wenzake, akipita katikati ya zake zilizotobolewa zikabaki mishipa, wala hazitazami. Mimi ningekuwa nimeshazing'oa zamani, na Mwalimu mwenyewe juu yake.

Habari ya kuku wangu inajulikana mpaka Gakoromone, ninakouza ndizi, kwa sababu niliitangaza mwenyewe. Mwewe alishuka mchana kweupe akamkamata tetea wangu mwekundu, yule wa kutaga. Mimi nilikuwa jikoni. Kutoka nje namkuta Mwalimu amechuchumaa kando ya ua, simu mbele ya uso, na mwewe ananyofoa nyama bila wasiwasi.

"Mwalimu! Si ungepiga kelele?"

"Ningepiga kelele angeruka."

"Ndio! Si aruke!"

"Sasa akiruka, rekodi iko wapi, Mama Mwenda?"

Kisha akanieleza, kwa sauti ya kunifariji kabisa, kwamba kwenye mtandao ule kuku wangu hahesabiki, kwa kuwa amefugwa. Aliyehesabiwa ni mwewe. Kuku ameandikwa tu kama chakula. Nilimrushia ufagio, na najuta kwamba nilimkosa.

Ana rafiki huko ng'ambo ambaye hawajawahi kuonana hata siku moja, bingwa wa kutambua nzi. Mwalimu humwita "yule wangu wa nzi." Anajua kwamba mama ya mtu huyo alianguka akavunjika nyonga. Anajua alivyolala hospitalini, anajua alivyoanza kutembea na mkongojo, na alitusimulia hayo yote kanisani kana kwamba ni mama wa pale Kianjai tunayepaswa kumchangia. Mwaka huohuo Mama Kendi alikaa na jino bovu mpaka shavu likafura, haongei, anakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Mhubiri alipomuuliza Mwalimu mkewe anaendeleaje, alishangaa. "Kwani ana nini?" Watu walitazamana. Mama Kendi alikuwa amesimama hapo kando yake, leso shavuni.

Sasa nitasema na mengine, nisiambiwe nina chuki tu. Mwendesha bodaboda mmoja alisikia kwamba mzee anatafuta kinyonga akila panzi. Akakamata kinyonga, akakamata panzi, akawapanga kwenye tawi moja, akaja kumwita mbio, akitegemea apewe cha soda. Mwalimu aliwatazama muda mrefu, simu mfukoni.

"Hawa hawajuani," alisema. "Ni wewe umewakutanisha."

"Lakini atamkula tu, Mwalimu. Piga!"

"Hapana. Hiyo ni uongo."

Akaondoka. Ni kweli basi, hadanganyi. Huwezi kumnunua aandike uongo wowote kuhusu panzi, na kama panzi ndio wangekuwa majirani zake, wangemsifu sana.

Mume wangu alipofariki, Mwalimu alikuwa wa kwanza kufika. Alibeba viti kutoka kanisani kwa mikono yake, mvua ikimnyeshea, na hakuna aliyemwomba. Nilimwona nikasema moyoni, kumbe. Lakini kaburini, mhubiri akiwa ndiyo kwanza ametupa udongo, nilisikia ile sauti ya simu inayopiga picha. Kipepeo alikuwa ametua kwenye shada la maua, na Mwalimu alikuwa ameinama juu yake, amewapa waombolezaji mgongo. Baadaye alinitumia picha yenyewe, bila salamu wala pole. Chini ameandika jina la kipepeo na jina la ua. Jina la mume wangu hakuliandika. Nilimwonyesha mwanangu Mwenda, naye akasema, "Mum, huyo mzee nati imelegea," na mimi nikamwambia azoee, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshajua anamtaka binti ya mzee huyohuyo.

Mwenda na Kendi walikua wakipita kwenye tundu moja la ua. Walipokuwa wakubwa wakapata kazi Embu, yeye kwenye duka la vifaa vya ujenzi, msichana kwenye shule ya chekechea, na huko wakapatana bila kutuuliza. Sikuwa na neno. Kendi ni mama yake mtupu, kutoka sura mpaka adabu. Nikamwambia shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, kwamba twende tukaseme.

Kwetu mahari ina vitu vyake. Kuna ng'ombe, kuna asali, kuna kondoo dume, lakini anayetangulia ni mwati. Mwati ni kondoo jike ambaye hajazaa, asiye na doa wala kilema. Vingine vinaweza kuchelewa hata miaka na hakuna atakayekuuliza. Mwati akishapokelewa na baba ya msichana, akaguswa mgongo kwa mkono na kufungwa bomani, basi msichana ametolewa. Akirudi alikotoka, hakuna kilichosemwa. Kwa hiyo nilimtafuta mwenyewe. Nilienda mpaka Ruiri, nikakataa kondoo wa watu wengi mpaka wakaanza kuniita mnunuzi wa macho, na mwishowe nikampata mmoja mweupe, mpole, miguu imenyooka. Nilimwosha kwa sabuni ya kufulia.

Siku yenyewe tulipokelewa vizuri. Wanawake waliimba langoni, Mama Kendi alikuwa amepika mpaka sufuria za kuazima zikajaa, na Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mikono amevaa tai. Shemeji alizungumza kwa kupanga maneno, kama mtu mzima. Kisha akamleta mwati mbele, akamshikia kamba, akasubiri. Mwalimu alitakiwa kunyoosha mkono tu.

Aliinama. Akainua mkia wa kondoo. Akatazama chini yake, na akaendelea kutazama.

Hapa sijui kama mgeni anaelewa. Kumwinua mwati mkia mbele ya waliomleta ni kuwaambia kwamba huyu ameshazaa, mmekuja kutuuzia mama mtu kwa jina la msichana, nyinyi ni wezi. Hakuna mzee wa Meru asiyelijua hilo. Wazee wetu waliweka vikombe chini. Wazee wao walitazama viatu vyao.

"Mwalimu," shemeji akasema, "unatafuta nini hapo?"

"Kupe."

"Unasema nini?"

"Kuna kupe hapa sijawahi ona. Na kuna ka-nzi kadogo kamekaa juu yake." Alikuwa ameshatoa simu. "Shikilia hivyo, asisonge."

"Sisi tumekuletea kupe?"

"Ndio, lakini msijali. Ni mzuri sana."

Shemeji alisimama. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilinitisha. "Basi wacha turudi na kupe wetu," akasema, akavuta kamba. Mama Kendi aliweka mikono kichwani. Kendi alikuwa chumbani na nguo yake mpya, anasubiri kuitwa, na sijui alisikia nini. Tulipofika langoni nilisikia viatu vinakimbia nyuma yetu, nikageuka, nikaona ni Mwalimu anakuja mbio, tai imeenda begani. Nilifikiri anakuja kutuomba msamaha. Nilimshika shemeji mkono ili asimame.

"Ngojeni hata picha moja tu," Mwalimu akasema, anahema. "Hiyo ingine imetoka na giza."

Mambo hayo yangeweza kurekebishika, mtu asiwadanganye. Alitakiwa kuja langoni, asimame kwangu, aseme nimekosa. Neno moja. Wazee wa kanisa walimwendea. Mkewe alimwomba asubuhi, akamwomba jioni. Jibu lake lilikuwa lilelile.

"Nimekosa nini? Mimi sikukataa kondoo. Niliiangalia tu. Nikisema nimekosa na sijakosa, hiyo si ni uongo?"

Uaminifu wake wa panzi sasa ulikuwa umemkalia binti yake. Mwenda na Kendi walichoka kungoja, wakaanza kuishi pamoja Embu bila mzee yeyote kusema lolote. Kendi akaacha kupiga simu nyumbani. Kisha akapata mimba, na mimba ikawa mbaya. Miguu ilifura, kichwa kinamuuma, kliniki wamemwambia apumzike. Mimi nilienda kumtazama, akanipokea kwa heshima zote, lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Alimtaka mama yake. Na mama yake hangeweza kuja, kwa sababu kwetu mama wa msichana haingii kulala katika nyumba ambayo binti yake hajatolewa. Angeingia kama nani?

Kila asubuhi Mama Kendi alikuwa anakuja kwenye ua akijifanya anatafuta kuni.

"Wamepiga simu?"

"Wamepiga."

"Miguu?"

"Bado."

Basi anarudi. Mwezi wa kujifungua ulikuwa unakaribia, na ng'ambo ya ua mzee wake alikuwa amelala chali chini ya mparachichi anamngojea buibui amle nyuki. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau Mwalimu asubuhi hizo. Nilimdharau mpaka kofia yake.

Kondoo mwenyewe alibaki kwangu. Huwezi kumchinja kondoo wa namna hiyo, wala huwezi kumuuza. Utamwambia mnunuzi ametoka wapi? Nikamwacha ale nyasi. Mwishowe akapata dume la majirani, akazaa jike dogo jeupe kama yeye. Nilikuwa nikiwaona pamoja nakasirika upya.

Juzi, kabla mvua haijaanza, Mwalimu alikuja. Hakupitia tundu la ua. Alipitia langoni, akasimama pale, kofia mkononi, koti limefungwa vifungo vyote. Shemeji alikuwa kwangu siku hiyo, anapogoa migomba na panga lake. Nilijifuta mikono kwenye kanga nikajisemea, leo amekuja kulisema.

"Muga, Mama Mwenda."

"Muga, Mwalimu. Karibu."

Alitazama chini. Akatazama kofia.

"Yule wangu wa nzi," akasema, "ananiambia ile picha ya kupe ilitoka vibaya. Anataka ingine. Nimekuja kuona hiyo kondoo."

Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu kuku. Nilimwambia kuhusu shada la maua, na jino la mkewe, na sukuma wiki. Nilimwambia binti yake amefura miguu Embu na yeye anajua afya ya vikongwe wa Ulaya. Alisimama tu akipokea, na hilo likanipandisha zaidi.

"Kondoo yangu haitainuliwa mkia tena hapa kwangu!" nikasema. "Kama unataka kuiangalia, funga kamba uende nayo kwako. Huko uinue mpaka uchoke!"

Yalitoka kwa hasira. Yalipokwisha kutoka ndipo nikasikia nilichokisema. Kwenye migomba panga lilikuwa limenyamaza. Mwalimu aliinua macho akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilihisi amenitazama mimi, si kitu kilichotua juu yangu.

"Nikienda nayo," akasema polepole, "sitairudisha."

"Nani amekwambia urudishe?"

"Na imeshazaa. Hiyo si mwati tena."

"Imezaa kwa sababu wewe ulituweka tukingoja. Mwati ni huyo mdogo. Na huyo mdogo hatembei bila mama yake."

Shemeji alikuja, panga chini ya kwapa. Alifungua kamba kwenye kigingi, akaja nayo mpaka mbele ya Mwalimu.

"Unachukua?"

"Nachukua."

Mwalimu alinyoosha mkono akamgusa kondoo mgongoni, kisha akainama akamgusa na mdogo, kitu ambacho kilimshinda siku ile mbele ya watu wote na asali ikiwa mezani. Akashika kamba. Kondoo akamfuata, na mwanawe akatimka nyuma yao akitafuta kunyonya.

Nataka nieleweke. Bado namdharau. Lakini nilikuwa nimemnyunyizia kondoo yule dawa ya kupe siku chache nyuma, na alikuwa safi kutoka masikio mpaka kwato. Mwalimu anaweza kuona chawa kwenye ndege aliye kileleni mwa mti. Alisimama karibu na mkia ule kuliko mimi, lazima aliona hapana kupe, wala hakuuinua. Simu ilikaa mfukoni muda wote.

Alipofika langoni aligeuka. Mdomo ulifunguka. Nilijua neno analolitafuta, nilikuwa nimelingoja muda wote huo, na nilimwona kabisa kwamba hatalipata hata tukikesha hapo. Kwa hiyo nikamwambia afunge lango, kuku wangu wasitoke.

Akalifunga kwa mikono miwili. Nikamsikia Mama Kendi ng'ambo ya ua, akiuliza kwa sauti ya kuogopa, "Na huyo uko naye ni nani?"

"Ni mwati ya Kendi," Mwalimu akasema. "Tafuta kiondo chako uende Embu."